Kunguni wa Ploti ni Mzigo wa Nani?

Mpangaji anapogundua kunguni kitandani, jambo la kwanza analoambiwa na mwenye ploti ni kwamba amewaleta yeye. Mpangaji naye huapa kwamba aliwakuta. Ubishi huo wa nani aliwaleta na nani awaangamize hauishi, kwani hakuna kunguni anayeandikisha tarehe ya kuhamia. Kisha huja swali la tatu, linaloulizwa na walimu na wauguzi vijana waliopanga mjini Kenyenya, ambao mawakala wa bima huwafuata kazini mishahara inapokaribia: je, nikichukua bima ya vyombo vya nyumba, kampuni italipia godoro nililolitupa na dawa niliyonunua?

Jibu la swali hilo la tatu ni la. Hata hivyo, sababu za jibu hilo zinatusaidia kuamua yale mengine mawili. Msimamo wangu ni huu: kuangamiza kunguni katika ploti ni jukumu la mwenye ploti, mpangaji ana wajibu wake, nao una mipaka, na kumsaka aliyemleta kunguni wa kwanza ni kupoteza wakati ambao kunguni wanautumia kuzaana.

Tuanze na jengo lenyewe. Kenyenya ni mji mdogo wa kaunti ya Kisii, katika eneo bunge la Bomachoge Borabu. Wapangaji wake ni wafanyakazi wa hospitali ya kaunti ndogo, wanafunzi wa chuo cha walimu, walimu wa shule za jirani, wachuuzi wa sokoni na vijana wa bodaboda. Wengi wao hukaa katika vyumba vya mstari, chumba kimoja kimoja, vyenye ukuta mmoja kati ya jirani na jirani. Mara nyingi ukuta huo haufiki kwenye mabati, au umefika lakini una nyufa, matundu ya nyaya za stima na fremu za mlango zilizoachana na simiti. Kunguni hana mabawa wala haruki. Hutembea tu, na katika ploti ya namna hiyo njia ziko tele. Ukipulizia dawa chumba nambari tatu peke yake, umewahamishia nambari mbili na nambari nne wale walioponyoka, na baada ya wiki chache watarudi kwako.

Njia za kuingilia nazo ni nyingi. Kuna sofa na vitanda vya kununua kwa mtu. Kuna sanduku na godoro la mwanafunzi anayefunga shule ya bweni. Kuna mgeni aliyelala gesti mjini Kisii kabla ya kuja, na kuna mpangaji wa zamani aliyehama na kuacha mbao za kitanda nyuma ya mlango. Kunguni hachagui maskini wala mchafu. Vuli ya mwaka 2023 jiji la Paris lilitikiswa na hofu ya kunguni katika treni na kumbi za sinema, na Februari 2025 Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya ililazimika kujibu malalamiko ya kunguni katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Kwa hiyo yule anayemwambia mpangaji kwamba kunguni ni uchafu wake anamwongezea aibu, na aibu humfanya mtu afiche tatizo hadi ploti nzima iambukizwe.

Kwa nini ni vigumu kujua nani alianza? Jike mmoja hutaga mayai kati ya 200 na 500 maishani mwake, machache kila siku, na katika joto la kawaida la nyumba mayai huanguliwa kwa muda wa siku 6 hadi 10 hivi. Mtoto hupitia hatua tano, na kila hatua anahitaji kunywa damu mara moja ndipo ajivue ngozi. Kunguni mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Chumba kilichofungwa likizo nzima ya Desemba bado kina wenyeji wake wa usiku. Zaidi ya hayo, watu hawafanani: mmoja akiumwa huvimba mkono mzima, na mwingine haoni hata alama. Mpangaji mpya anaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kushtuka, na kufikia hapo mwenye ploti atamwuliza mbona hakusema siku ya kwanza.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 107, inamtaka anayedai jambo alithibitishe. Katika kesi ya kunguni, pande zote mbili zinadai na hakuna wa kuthibitisha. Ndiyo maana nasema swali hilo liachwe. Linalofaa kuulizwa ni nani mwenye uwezo wa kuwamaliza, kwa sababu huyo ndiye ambaye sheria inamtazama, kama tutakavyoona.

Sasa bima. Mkataba wa bima hulipia hasara ya ghafla ambayo hakuna aliyeipangia: moto, wizi wa kuvunja mlango, bomba lililopasuka, au radi, ambayo watu wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hawahitaji kufundishwa hatari yake. Haulipii kinachoharibika polepole. Soma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa katika bima ya vyombo vya nyumbani, na kwa kawaida utakuta kuchakaa, kutu, ukungu, nondo, panya na wadudu vimewekwa katika sentensi moja. Kanuni hiyo ni kongwe. Sheria ya Uingereza ya Bima ya Bahari ya mwaka 1906, katika kifungu cha 55, inasema kampuni ya bima haiwajibiki kwa hasara iliyosababishwa na panya au wadudu isipokuwa mkataba wenyewe useme hivyo, na sheria ya bima ya bahari ya Kenya, Sura ya 390, imejengwa juu ya msingi huohuo. Mzigo wa meli ulioguguniwa njiani kutoka Mombasa na godoro lililoingiliwa Kenyenya vinaangukia katika hoja moja: mwenye mali ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuzuia.

Kuna sababu nyingine ambayo mawakala hawaisemi. Kama kampuni ingelipia kunguni, wa kwanza kununua bima wangekuwa wale ambao tayari wanajikuna. Ada ingepanda mwaka hadi mwaka, na wenye nyumba safi wangejitoa. Nchini Marekani, ambako bima ya mpangaji ni jambo la kawaida, mikataba ya kawaida ya wapangaji nayo hairuhusu madai ya wadudu. Zipo kampuni chache zinazouza nyongeza maalum ya kunguni, kwa malipo ya ziada na kwa kiasi chenye kikomo. Hapa Kenya, ambako ada zote za bima katika miaka ya karibuni hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa, usitarajie nyongeza hiyo ifike Kenyenya kesho.

Hilo halimaanishi kwamba bima ya vyombo ni bure. Ikiwa jirani yako amemwaga mafuta ya taa kwenye kitanda ili aue kunguni, kisha mshumaa ukaanguka na ploti ikateketea, bima yako ya moto itakulipa vyombo vyako, kwa kuwa kilichokuunguzia ni moto. Na ukichubuka kwa kujikuna hadi vidonda vikaingia usaha, matibabu ni suala la Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Lakini gharama ya kuua kunguni wenyewe, na ya godoro ulilolitupa, itabaki baina yako na mwenye ploti. Wakala akikuambia vinginevyo, mwombe akuonyeshe kwa kidole mstari unaosema hivyo.

Kwa kuwa bima imejitoa, tunabaki na sheria ya nyumba, na hapa mpangaji ana silaha zaidi kuliko anavyodhani. Swali la kunguni lilifika mahakamani Uingereza mwaka 1843. Sir Thomas Marrable alikuwa amepanga nyumba yenye samani mjini Brighton kwa wiki tano, kwa gini nane kwa wiki. Familia ilikuta kunguni, ikahama baada ya siku chache, na mwenye nyumba akashtaki kudai kodi ya muda uliobaki. Akashindwa. Majaji walisema anayepangisha nyumba yenye samani huwa ameahidi, hata kama hakutamka, kwamba nyumba hiyo inakalika. Ikiwa haikaliki, mpangaji ana haki ya kuondoka. Uamuzi huo una uzito kwetu, kwa sababu Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, ilipokea sheria ya kawaida ya Kiingereza pamoja na sheria zilizokuwa zikitumika huko hadi tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya watu wa hapa inavyoruhusu.

Lakini uamuzi ule ulikuwa na tundu. Mwaka huohuo wa 1843 majaji walisema ahadi hiyo haipo kwa nyumba tupu isiyo na samani, na vyumba vingi vya Kenyenya hukodishwa vikiwa vitupu. Pia ulihusu hali ya nyumba siku ya kuingia tu. Tundu hilo liliachwa wazi hadi Bunge la Kenya lilipopitisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Kifungu cha 65 cha sheria hiyo kinaweka ndani ya kila mkataba wa upangaji ahadi za mwenye nyumba, ziwe zimeandikwa au la. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kitakuwa kinakalika upangaji unapoanza, na kitadumishwa katika hali hiyo muda wote wa upangaji. Nyingine ni kwamba sehemu ya jengo inapokodishwa, mwenye jengo atatunza paa, kuta kuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Ploti ya vyumba kumi imeelezwa hapo bila kutajwa jina. Na usitishwe na kwamba hukuandikiana: upangaji wa mwezi kwa mwezi wa maneno matupu unatambuliwa na sheria hiyohiyo.

Je, chumba chenye kunguni kinakalika? Hapa ndipo mwenye ploti atakapojitetea kwamba kunguni hawaambukizi ugonjwa. Ni kweli kwamba haijathibitika kunguni kumwambukiza binadamu maradhi anapomwuma. Lakini Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haikusubiri ugonjwa. Kifungu cha 118 kinahesabu kuwa kero nyumba yoyote iliyo katika hali mbaya, au chafu, au yenye wadudu, kiasi cha kudhuru afya kwa maoni ya afisa wa afya. Muuguzi asiyelala usiku kisha akaenda kupima dawa za wagonjwa asubuhi amedhurika. Mtoto mwenye vidonda vya kujikuna amedhurika pia.

Kifungu kinachofuata, cha 119, ndicho kinachogawa mzigo, na naomba wenye ploti wakisome polepole. Notisi ya kuondoa kero hupelekwa kwa aliyeisababisha. Asipopatikana, hupelekwa kwa anayekaa au kwa mwenye nyumba. Lakini kero ikitokana na kasoro ya ujenzi, au chumba kikiwa hakina mtu, notisi ni ya mwenye nyumba. Basi rudi kwenye ploti yetu. Nyufa, matundu ya nyaya na kuta zisizofika juu ni ujenzi. Chumba kilichohamwa na kuachwa na kunguni wake ni chumba kisicho na mtu. Katika hali zote mbili sheria inamgeukia mwenye ploti bila kuuliza sanduku la nani lilimleta kunguni wa kwanza. Mtu asipotii notisi hiyo, afisa anaweza kumfikisha mbele ya hakimu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwenye ploti hawezi kulaumiwa kwa kuona wa mpangaji ni mwepesi. Atasema kodi ya chumba ni ndogo, dawa ni ghali, na wapangaji huhama bila kuaga. Hoja hiyo ina ukweli, lakini hesabu yake ina kasoro. Chukua kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2003 kuhusu hoteli ya Motel 6 mjini Chicago. Kampuni ya kuua wadudu ilikuwa imejitolea mwaka 1998 kupulizia vyumba vyote kwa dola 500. Hoteli ikakataa. Kunguni wakaenea, wafanyakazi wakaambiwa wawaite kupe mbele ya wageni, na mwaka 2000 ndugu wawili wakaumwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa kila mmoja dola 5,000 za fidia na dola 186,000 za adhabu, na Jaji Richard Posner akaidhinisha. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, na hakuna anayetarajia mamilioni kwa chumba cha Kenyenya. Kilichoiangusha hoteli ni kwamba ilijua, ikanyamaza, ikaendelea kupangisha.

Hivyo mpangaji, jambo lako la kwanza ni kumfanya mwenye ploti ajue, na ujuzi huo ubaki umeandikwa. Ujumbe wa simu wenye tarehe na picha ya kunguni kwenye mshono wa godoro unatosha. Wasemeshe majirani, kwani malalamiko ya vyumba vinne hayapuuzwi kama ya kimoja. Asipofanya kitu, nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, kwani huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti na Katiba ya 2010, na umwombe afisa aje akague na atoe notisi kwa ploti nzima. Usikimbilie kuzuia kodi. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji mwenye malimbikizo, na utajikuta kunguni wamebaki na televisheni imeondoka. Ikiwa kodi halali ya chumba chako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kuna jopo la migogoro ya kodi chini ya Sura ya 296, na kwa madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na inayotakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Nazitaja ili mwenye ploti ajue zipo. Kesi nyingi za namna hii zinafaa kumalizwa mbele ya mzee wa kijiji au chifu.

Mpangaji naye ana lake. Dawa haifanyi kazi katika chumba kilichojaa magunia na nguo sakafuni. Anapaswa kutoa vyombo, kufua nguo na shuka kwa maji moto ya nyuzi 60 au zaidi, kumwagia viungo vya kitanda cha mbao maji yanayochemka, na kufungua mlango siku ya kupulizia. Akikataa, gharama ya kurudia ni yake. Na vyumba vyote vikisafishwa na kukaguliwa, kisha kimoja tu kikarudi kuwa na kunguni baada ya mwenyewe kuingiza sofa kuukuu, hapo mwenye ploti ana ushahidi ambao hakuwa nao mwanzoni.

Neno moja kuhusu dawa, kwa sababu watu wanajiumiza. Wakulima wa Gusii walilima pareto kwa miongo mingi, enzi ambayo Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo. Sumu ya ua hilo ndiyo iliyoigwa viwandani kutengeneza dawa nyingi za kupulizia tunazonunua leo, na ndiyo jamii ya dawa iliyotiwa katika neti za mbu. Kunguni wameizoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kunguni wa vijiji vya karibu na Muheza, Tanzania, vilivyotumia neti zenye dawa, walikuwa sugu kwa dawa hizo. Hapa kwetu pia nyumba za iliyokuwa wilaya ya Gucha, ambayo Kenyenya ilikuwa ndani yake, zilipuliziwa dawa ya mbu na kugawiwa neti malaria ilipovuma katika nyanda za juu. Basi mkebe wa dawa ya dukani usipowaua, usiongeze kipimo. Usitumie dawa ya kupe ya ng'ombe. Na kamwe usiweke chumbani vidonge vya kuhifadhi mahindi: gesi yake hupita juu ya ukuta usiofika kwenye mabati na inaweza kumwua mtoto wa jirani. Tafuta mpulizaji anayetumia dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, na arudi baada ya wiki mbili hivi, kwa kuwa mayai mara nyingi huponea upuliziaji wa kwanza.

Haya yote yanaweza kuandikwa katika nusu ukurasa siku ya kupokea funguo. Chumba kikaguliwe na pande zote mbili, na kila mmoja atie sahihi kwamba hakuna kunguni. Mwenye ploti aahidi kupulizia vyumba vyote kwa siku moja, mara mbili, ndani ya siku kadhaa walizokubaliana tangu apewe taarifa. Mpangaji aahidi kutoa taarifa mapema na kuandaa chumba. Dipositi isikatwe kwa ajili ya kunguni bila ushahidi wa aina niliyoitaja. Jimbo la New York lilitunga sheria mwaka 2010 inayomlazimu mwenye nyumba jijini New York kumweleza mpangaji mpya kama nyumba ilikuwa na kunguni mwaka uliotangulia, na Ufaransa mwaka 2018 ikaandika katika sheria kwamba nyumba ya kupangisha iwe haina wadudu. Kenyenya haihitaji kusubiri Bunge. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Kwa wenye ploti, nasema hivi: zibeni nyufa, jengeni kuta zifike juu, na pulizieni ploti nzima kabla ya kupangisha chumba kilichohamwa. Ni gharama ya biashara yenu kama ilivyo kununua mabati. Kwa wapangaji: msifiche, na msinunue bima mkidhani itawalipia kunguni. Na kwa maafisa wa afya ya umma wa Kisii na Nyamira: kifungu cha 119 kiko mikononi mwenu. Mkikitumia kwa ploti nzima, badala ya kumlaumu mpangaji mmoja, mtakuwa mmemaliza ugomvi pamoja na kunguni.